Mgongo Wazi

Mwenyekiti wa ufuo wetu hapa Dunga, jakom tunavyomwita, hapigi simu ovyo. Akipiga kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ujue ama kuna injini ya mashua imeibwa, ama kuna mkutano. Jumanne ile ilikuwa mkutano.

"Japuonj," akaniambia, "ile kitabu uliandika kuhusu togo, tuletee. Wale watu wa kupima ardhi wanarudi Ijumaa. Afisa amesema maneno ya mdomo hayatoshi, anataka maandishi ya wataalamu."

Togo ndiyo mafunjo, kwa msomaji aliye mbali na Ziwa Victoria. Nami nikajisikia mtu. Miaka kumi na miwili nafundisha chuo kikuu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuombwa nilichoandika na mtu asiyeogopa kufeli mtihani wangu. "Kitabu" chenyewe ni makala ya kurasa kumi na nne kuhusu akina mama wanaokata mafunjo katika kinamasi cha Dunga na kusuka mikeka, vikapu na viti. Nikamwambia jakom asijali, hiyo ni kazi ya dakika mbili, namtumia kwa WhatsApp hata chai haijachemka.

Nikafungua simu, nikaitafuta, nikaiona. Jina langu liko pale, limeandikwa vizuri isipokuwa herufi moja. Chini ya jina kuna ikisiri. Chini ya ikisiri, pale ambapo makala yenyewe ingeanza, kuna kisanduku cha rangi ya chungwa: dola 39.95, kwa saa 24.

Shilingi elfu tano na ushee kwa siku moja! Kondele kuna lojingi za bei nafuu kuliko hiyo, na asubuhi wanakupa chai. Tena saa hizo ni za kusoma maneno niliyoyaandika mimi, kwa stima niliyoinunulia tokeni mimi, huku nikiumwa na mbu wa Dunga ambao sijasikia wamewahi kumuuma mchapishaji yeyote. Nilifikiria kukopa kwa Fuliza. Kwa sekunde tatu hivi, lakini sitaficha, nilifikiria.

Kisha nikakumbuka mwanafunzi wangu mmoja aliyewahi kunionyesha njia ya dirishani, ile tovuti ya Sci-Hub iliyoanzishwa 2011 na Alexandra Elbakyan, binti wa Kazakhstan, ambako makala zilizofungiwa hutolewa bure bila kumwomba mwenye mali ruhusa. Sisemi niliitumia. Nasema nilichungulia. Makala yangu haikuwamo. Hata wezi hawakuitaka.

Niseme jinsi biashara hii inavyokwenda, maana kila nikiieleza nyumbani, mke wangu hudhani kuna pesa naficha mahali. Mtafiti analipwa mshahara na umma, mwezi ambao mshahara umekuja. Anaomba kibali cha utafiti NACOSTI, anakilipia. Anateremka ufukweni, akina mama wanaacha shughuli zao na kumjibu maswali arobaini na mawili kwa soda moja ya baridi nusu. Anaandika, anapeleka kwa jarida. Mhariri anatafuta wahakiki, nao ni wasomi wengine wanaosoma usiku bila malipo, kwa heshima ya taaluma na kwa kushindwa kusema hapana. Mhakiki wangu wa kwanza alisema kazi ni nzuri. Wa pili aliuliza kama Dunga "inawakilisha", hakusema inawakilisha nini, kisha akanitaka nitaje makala sita zaidi, zote, kwa sadfa ya ajabu, za mtu mmoja. Nikazitaja zote sita. Mwenye njaa ya cheo hachagui.

Baada ya hapo unaletewa fomu, unasaini, na mali inakuwa ya kampuni. Kampuni inaiuza kwa maktaba za vyuo, kikiwemo kile kilichokulipa mshahara, kama kina uwezo. Chetu mwaka huu hakina.

Nilimweleza haya mama mmoja anayekaanga samaki karibu na banda la BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, ambaye pia hukata togo na alikuwa mmoja wa wale niliowahoji. Aligeuza ngege wake kwenye mafuta, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa hiyo si mgongo wazi?"

Mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa mgongo wazi. Kwa ndugu zetu wa Mombasa na Tanga wanaokula changu mzima: mbuta, ambaye Mwanza wanamwita sangara, akifika kiwandani hupasuliwa, minofu ikachunwa pande zote mbili, ikapangwa kwenye barafu, ikasafiri kwenda Ulaya. Kinachobaki ni kichwa, mkia, na katikati uti wa mgongo uliovuliwa nguo. Hicho ndicho kinachorudi mjini, kikaanikwa na kukaangwa Obunga, nasi tunakila na ugali na kusifu. Ni kitamu, msinielewe vibaya. Kichwa cha mbuta kina utajiri wake ukijua pa kunyonya. Lakini usiniambie nimekula samaki.

Mama yule alikuwa amemaliza hoja yote kwa maneno mawili. Kichwa cha makala ninacho, kiko wazi kwa kila mtu. Mkia, yaani orodha ya marejeleo, nao uko wazi. Ikisiri ni ule uti, maneno mia mbili yaliyokwanguliwa. Minofu imepanda ndege.

Utamu wa biashara hii haukuanza jana. Robert Maxwell, Mwingereza mzaliwa wa Czechoslovakia aliyejenga kampuni ya Pergamon baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliona mapema kwamba hapa kuna mgodi: malighafi bure, mafundi bure, na mteja asiyeweza kwenda duka la pili, maana makala moja haipatikani katika majarida mawili. Mwaka 1991 aliiuza Pergamon kwa Elsevier kwa pauni milioni 440. Mvuvi wa Dunga akisikia biashara ambayo samaki wanaruka wenyewe chomboni, wakijipaa magamba njiani, atauliza iko ufuo gani ahamie leo.

Kosa langu mimi, na hapa lazima niseme ukweli kwa sababu mke wangu husoma safu hii, lilikuwa usiku wa kusaini. Ilikuwa saa nane. Bando lilikuwa linaisha. Tokeni za stima zilisoma uniti 1.3, ile namba ambayo kila mpangaji huijua kwa mapigo ya moyo. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi, walikuwa wamejaa kwenye kioo cha kompyuta hadi sikujua nukta ni ipi na mdudu ni yupi. Fomu ikaja, kurasa nne za herufi ndogo. Nikashuka moja kwa moja hadi chini, nikaona kisanduku, nikakigusa. Yawezekana hata aliyesaini ni mdudu.

Baadaye sana ndipo nilipokaa na rafiki yangu mmoja wakili, akanieleza kwa upole nilichokifanya. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001, alisema, haki ya kazi ya maandishi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nikafurahi. "Usifurahi," akasema, "ulishaihamisha." Maana yake, nikizikwa kule kwetu Bondo, ng'ombe wakachinjwa, hema zikarudishwa, wajomba wakagombana na kupatana, bado kwa nusu karne mjukuu wangu akitaka kujua babu aliandika nini, itabidi atoe dola. Kilichobaki kwangu ni ile haki ya kutambuliwa kuwa ndimi niliyeandika. Hata hiyo, kama nilivyosema, ina kasoro ya herufi moja.

Mtanijia juu: mbona hukuchapisha mahali pa wazi? Nilijaribu. Jarida lilelile lilikuwa na mlango wa pili, unaoitwa wa dhahabu, na jina limeufaa: mwandishi analipa ada, msomaji anasoma bure. Ada yenyewe ilikuwa dola 3,000. Nashukuru sikuwa nimepeleka kwa wakubwa zaidi, maana jarida la Nature lilipofungua mlango wake wa namna hiyo 2021, liliweka euro 9,500. Kwa pesa hizo hapa Dunga unanunua mashua na injini, unaajiri vijana, na chenji inabaki ya kumnyamazisha shemeji.

Nikaomba msamaha wa ada, kwani nilisikia nchi maskini husamehewa. Wakanijibu kwa adabu kwamba Kenya si maskini. Ndivyo nilivyogundua madhara ya Septemba 2014. Mwezi ule takwimu za uchumi zilipigwa upya, pato la taifa likanenepa kwa robo nzima bila mtu kula chochote zaidi, tukaingia kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Wanasiasa walishangilia, nami nikashangilia nao, nikiwa na chupa ya soda mkononi kama zuzu. Kwa wachapishaji wengi, ngazi hiyo haina msamaha wa ada yote, ina punguzo la nusu. Nusu ya dola 3,000, kwa mtu anayepanda boda hadi Nyalenda akibishana kuhusu shilingi kumi, ni dola 3,000 tu.

Na hapohapo, wakati umekata tamaa, ndipo barua pepe huanza kuingia. "Salamu njema za siku, Profesa Mtukufu!" Mimi si profesa, na nyumbani hakuna anayenitukuza. Wamesoma kazi yangu "yenye kutikisa dunia" kuhusu mafunjo na wanaomba niandikie jarida lao la upasuaji wa meno. Uhakiki ni siku tatu. Ada dola 150, na ukilipa leo, 99, kama mitumba ya Kibuye ikishafika jioni. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, aliwahi kuweka orodha ya matapeli hawa, akaiondoa Januari 2017, nao wakapumua. Huko pesa inaliwa na cheo hakiji. Nina mwenzangu mwenye makala saba za namna hiyo. Kamati ya kupandisha vyeo ilizitazama, ikamtazama, ikaagiza chai.

Yapo pia majarida mema yasiyomtoza mwandishi wala msomaji. Ninayoyajua mimi huendeshwa na mhadhiri mmoja, mke wake, na modemu. Toleo la Juni hutoka Februari. Na yakikua vizuri sana, huolewa mbali. Pale Mbita, mdomoni mwa ghuba yetu hii hii, iko kampasi ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, yenye jina la Profesa Thomas Odhiambo, aliyeianzisha taasisi hiyo 1970. Mwaka 1980 ICIPE ilianzisha jarida lake la sayansi ya wadudu, Insect Science and its Application. Leo jarida hilo linaitwa International Journal of Tropical Insect Science, na mchapishaji wake ni Springer. Sisemi ni vibaya. Binti akiolewa na tajiri watu hula pilau. Nasema tu kwamba ukitaka kumsalimia, unapitia getini.

Ziwa hili kwa kweli lina historia ndefu ya kuandikwa na kutosomeka. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alizunguka ziwa zima akichunguza samaki, ripoti yake ikatolewa London 1929. Ndani yake alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mlaji kutoka maji mengine ni hatari kubwa. Miaka ya 1950 mbuta akamwagwa ziwani vilevile, na kufikia miaka ya 1980 fulu wetu, wale samaki wadogo wa aina mamia, walikuwa wanatoweka kama mshahara. Najua, maafisa waliomleta mbuta wangeweza kuisoma ripoti wakitaka. Kwao haikufungwa kwa dola. Ila babu yake jakom, aliyekuwa akitega fulu papa hapa, hakuna aliyemwambia kwamba kuna karatasi London inayozungumzia sufuria yake.

Basi Jumatano usiku nikafanya jambo ambalo msomi hufanya akiwa amekosa lingine lote: nikasoma fomu niliyosaini. Ilikuwa bado kwenye barua pepe. Ukurasa wa tatu, kifungu kidogo cha mwisho, herufi za ukubwa wa yai la omena, nikakuta maneno kwamba mwandishi anaruhusiwa kuiweka hadharani nakala yake iliyokubaliwa, yaani ile iliyopita kwa wahakiki lakini haijapangwa kurasa na mchapishaji, katika hifadhi ya chuo chake, baada ya miezi 24. Makala ilitoka 2021. Miezi 24 iliisha 2023. Kwa muda wote huo nilikuwa na ruhusa na sikujua, nikizunguka mjini nikilaani mabeberu.

Si mimi tu niliyelala. Ule mkutano wa Budapest uliotoa tamko la machapisho huria, Februari 14, 2002, siku ya wapendanao, ulishasema mambo haya: majarida ya wazi ni njia moja, na mwandishi kujiwekea mwenyewe nakala hadharani ni njia nyingine. Tangu 2018 wafadhili wakubwa wa Ulaya, kwa mpango wanaouita Plan S, wanataka kila kazi wanayoilipia isomeke bure, na baadaye wakaongeza kwamba mtafiti atangaze mapema, anapopeleka makala, kuwa nakala yake iliyokubaliwa itakuwa na leseni huria ya Creative Commons. Wenzangu wenye wafadhili hao huandika sentensi moja tu, na mchapishaji anajua anashughulika na mtu mwenye wajomba. Mimi mfadhili wangu alikuwa SACCO.

Kuitafuta nakala yenyewe kulichukua usiku mzima. Kompyuta yangu ina mafaili "togo_mwisho", "togo_mwisho_kweli", "togo_mwisho_KABISA" na "togo_mwisho_KABISA_sasa3". Iliyokubaliwa ilikuwa "togo_mpya". Nikaipeleka saiba Nyalenda asubuhi ya Alhamisi. Kurasa 38, kwa vile mistari imeachana, shilingi kumi kila ukurasa. Shilingi 380 zikanitoka, na kwa mara ya kwanza nikaishika kazi yangu mkononi, ina joto kama mandazi.

Jakom alikuwa amewakusanya watu bandani. Nikasoma, nikitafsiri kwa Kiswahili, na kwa Dholuo pale Kiswahili changu cha chuoni kilipowafanya watazamane. Mambo yalikwenda vizuri hadi ukurasa wa 15, nilipofika kwenye maneno haya: maji yakirudi nyuma unakata, maji yakija unasubiri. Mshiriki wa 17, mwanamke, miaka 40 hadi 49.

"Hiyo ni mimi," akasema yule mama wa samaki.

"Mama, huyo ni Mshiriki wa 17."

"Nimesema ni mimi. Hayo maneno nilikuambia nikiwa nimesimama pale, ukiwa na ile kofia."

Nikaeleza kanuni za maadili ya utafiti, kwamba majina hufichwa ili kuwalinda washiriki. Akaniuliza analindwa dhidi ya nani. Kwa maswali arobaini na mawili niliyomuuliza yeye, nilishindwa hilo moja.

"Wiki nzima unalia jina lako limekosewa herufi moja," akasema. "Langu limegeuka namba, na sijalia."

Watu wakacheka, jakom akiwa wa kwanza. Nikakimbilia ukurasa wa shukrani kumwonyesha kwamba niliishukuru "jamii ya Dunga". Akauliza kama jamii ndiye yeye au ni wale waliokunywa soda bila kuhojiwa.

Kisha akaomba aone ukurasa wa 15 kwa macho yake. Alifika darasa la saba na Kiingereza hakimtishi. Akapita na kidole mstari hadi mstari, akasimama. "Hapa si kweli." Niliandika kwamba akina mama huingia kinamasini kwa miguu, maji ya magotini, wakakata na kubeba kichwani. Nikamwambia ndivyo nilivyoona kwa macho yangu.

"Uliona 2019. 2020 maji yalipanda, wewe ukiwa huko unaandika. Yale yalikuwa yanafika hapa." Akaonyesha nguzo ya banda, juu ya kiuno. "Tangu hapo mahali pazuri hapafikiki kwa miguu. Tunakodi mtumbwi. Na mtumbwi si bure. Nusu ya faida uliyoandika hapa inakwenda kwa mwenye mtumbwi."

Alikuwa sahihi. Nilihoji 2019, makala ikakaa kwa wahakiki na wahariri miezi ishirini na miwili, na katikati ziwa likafika kimo ambacho vipimo havikuwahi kukiona. Siku makala inatoka, hesabu zake zilikuwa zimelowa. Na kuirekebisha kule ilikolala ni safari: niandike kwa mhariri, mhariri aandikie kampuni, na marekebisho yakitoka, sina hakika hayatakuwa na kisanduku chake cha rangi ya chungwa.

Mama akaomba biro. Akaandika pembeni mwa ukurasa, kwa herufi kubwa zilizonyooka kuliko zangu, bei ya mtumbwi kwa siku, miezi ya maji mengi, na mzigo mmoja wa togo sasa unabaki na nini. Akina mama wengine wawili wakasogea. Ukurasa wa 16 ukajaa. Wa 21 wakaukata mstari mzima, na nilipojaribu kuutetea nikaambiwa ninyamaze nile samaki. Jioni jakom akatoboa pembe ya kurasa zote 38 kwa msumari, akapitisha uzi wa nyavu, akaitundika bandani, kati ya bei za samaki za siku na lile tangazo la kuvaa jaketi la kuokoa maisha. Yeyote apitaye husoma. Mtalii mmoja tayari ameipiga picha.

Ijumaa wakaiteremsha wakaenda nayo mkutanoni, nami nikakaa nyuma. Afisa akaifungua, akafunua taratibu, akafika ukurasa wa 15, akavua miwani.

"Hii ya biro ameandika nani?"

"Mshiriki wa 17," akasema jakom, na mama akanyoosha mkono.